Maswali ya Wasomaji: Ruaha, Kitulo na Matema kwa Safari Moja?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu safari za gari za makundi madogo katika Nyanda za Juu Kusini. Tumezifupisha bila kubadili maudhui yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni walimu wanane wa sekondari, wakazi wa Mafinga. Tumekuwa tukichangishana ili likizo ya Desemba tusafiri kwa gari kwa siku saba, na wakala mmoja ametuandalia ratiba hii: Isimila na Iringa mjini, Hifadhi ya Taifa Ruaha, Kitulo, Kimondo cha Mbozi, Ziwa Ngosi na hatimaye Matema, kila siku tukilala mahali papya. Wenzangu wameipenda kwa sababu hakuna kinachoachwa. Mimi nina wasiwasi nayo, lakini sijapata hoja ya kuwaeleza. Naomba ushauri. (Mwalimu, Mafinga)

JIBU: Mwalimu, hoja unayoitafuta imo katika kalenda. Ruaha na Kitulo ni hifadhi mbili zisizopatana majira. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, na kila moja ya hifadhi hizo huupokea msimu huo kwa namna yake.

Huko Ruaha, kati ya Juni na Oktoba, nyasi hunyauka, madimbwi hukauka, na wanyama hulazimika kuufuata Mto Ruaha Mkuu pamoja na mito ya mchanga, ambamo tembo huchimba kwa miguu na mikonga hadi maji yaliyojificha chini yatokeze. Mgeni anayezima gari kando ya mto na kukaa kimya huwaona wakija wenyewe. Mvua zikishashika, maji hupatikana kila mahali, wanyama hutawanyika, nyasi hurefuka kiasi cha kumficha simba aliyelala hatua chache kutoka barabarani, na udongo mweusi wa mbugani hunasa magari. Wapenda ndege hawalalamiki msimu huo, lakini sidhani kama walimu wanane wamechangishana kwa ajili ya ndege.

Kitulo ni kinyume chake. Uwanda huo ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 2,600, ambao wengi huuita Bustani ya Mungu na ambao ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hauna cha kuonyesha mwezi Julai isipokuwa nyasi za kahawia na baridi ya kugandisha umande. Maua huanza kuchanua mvua zikianza, na hupendeza zaidi kati ya Januari na Machi. Miongoni mwake zimo aina zipatazo 45 za okidi. Mizizi yake, inayofanana na viazi vidogo, ilichimbwa kwa miaka mingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ni moja ya sababu zilizofanya uwanda huo ulindwe. Kwa hiyo asiwepo mwenzenu atakayetaka kung'oa hata shina moja la kwenda kupanda nyumbani.

Ushauri wangu ni kwamba Desemba hii mwende kusini tu, na Ruaha muiachie likizo ya Juni. Kutoka Mafinga kwenda Ruaha ni kurudi nyuma takribani kilomita 80 hadi Iringa, kisha kama 130 nyingine kuelekea magharibi, na umbali uleule wakati wa kurejea. Mtakuwa mmetembea zaidi ya kilomita 400 kabla safari ya kusini haijaanza, na mtakuwa mmefanya hivyo katika mwezi ambao hifadhi inawaficha wanyama wake. Isimila nayo iondoeni. Si kwamba haifai, kwani nguzo zake za mchanga na zana za mawe za kale ni fahari ya mkoa wenu. Ila ipo kilomita kama 20 tu kutoka Iringa mjini, kando ya barabara mnayoipita kila mara, na Jumamosi moja ya kawaida inatosha kuitembelea.

Kuhusu Kimondo cha Mbozi, naona mjadala. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito wa tani nyingi, karibu asilimia 90 yake ikiwa chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki nikeli, na mtu anaweza kuligusa kwa mkono. Lakini liko upande wa barabara ya Tunduma, ilhali safari yenu inaelekea Tukuyu, na kwenda na kurudi kutoka Mbeya mjini kutakula sehemu kubwa ya siku. Kama kundi lenu lina walimu wa fizikia na jiografia, watabisha, na wana haki. Kama halina, lipiteni.

Kinachobaki ni safari nzuri ya siku saba yenye vituo vitatu, na kila kituo mlale mara mbili. Siku ya kwanza mpite Makambako na Igawa hadi Chimala, kisha mpande ukuta wa milima kuelekea Matamba kwa ile barabara yenye kona zaidi ya hamsini, ambayo kila kona inawafungulia Bonde la Usangu likiwa chini zaidi na mashamba yake ya mpunga yakizidi kudogoka. Mahali hapo msipapande jioni, wala mvua inaponyesha. Mkilala Matamba mara mbili, mnapata siku nzima ya kutembea kwa miguu uwandani, na ukungu ukiwanyima asubuhi mnaweza kuusubiri hadi saa tano bila mtu kuwaharakisha. Hilo ndilo jambo ambalo ratiba ya wakala haina: nafasi ya kusubiri. Katika nchi ya mvua na milima, ratiba isiyo na nafasi ya kusubiri huvunjwa na lori moja lililolala barabarani.

Kituo cha pili kiwe Tukuyu, mkitokea huko kwenda Ngosi na Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira. Kituo cha tatu kiwe Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Njia ya Ngosi inapita msituni, katikati ya mianzi na migomba mwitu, na sehemu ya mwisho ina mteremko mkali ambao Desemba huwa tope tupu; mtashika mizizi kwa mikono, kwa hiyo viatu vyenye meno ni muhimu kuliko kamera. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza.

Neno kuhusu gari. Watu wanane hawahitaji Coaster, na Noah mbili zitawaaibisha kwenye utelezi wa Kitulo. Ulizeni Land Cruiser ndefu yenye kuvuta magurudumu yote manne, au tumieni Hiace kwa barabara ya lami na mkodi gari la mlimani kwa ajili ya uwandani tu. Vyovyote itakavyokuwa, kubalianeni tangu mwanzo kwamba viti vitabadilishwa kila asubuhi. Anayekaa kiti cha nyuma juu ya tairi hurushwa na kila tuta, haoni mbele, na chakula cha mchana humkataa; akikaa hapo siku saba mfululizo, mtarudi Mafinga mkiwa makundi mawili yasiyosalimiana.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanachama wa VICOBA hapa Iringa. Akina mama kumi tunataka kwenda Ruaha mwezi Juni kwa kutumia gawio letu. Kampuni imetuambia bei yake ina “kila kitu ndani”. Tufanyeje ili fedha zetu zisipotee? (Mama, Kihesa)

JIBU: Mama, kwanza pongezi kwa kuchagua Juni. “Kila kitu” ni neno ambalo kila kampuni hulipatia maana yake, hivyo ombeni liandikwe kwa vipengele: viingilio vya watu, ada ya gari hifadhini, malazi, milo mingapi kwa siku, maji ya kunywa, mafuta, posho na malazi ya dereva, na ada ya askari wa wanyamapori kama mtatembea kwa miguu. Kisichoandikwa hapo, kihesabuni kuwa hakimo.

Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni kutoka nje, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa, na bei mnayotajiwa ionyeshe kwamba mmehesabiwa kama raia. Muhimu vilevile ni kujua kwamba kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24. Mkiingia getini saa nane mchana, mtakuwa na jioni moja na asubuhi moja, ambazo ndizo saa bora za kuona wanyama, na mtatoka kabla ya saa nane kesho yake bila kulipia siku ya pili. Dereva anayewaingiza saa nne asubuhi anawapa joto la mchana lote, kisha asubuhi inayofuata anawaharakisha kurudi getini.

Kabla ya kulipa, dai kuona leseni ya wakala wa utalii, ile ambayo wenye biashara huiita TALA, pamoja na bima ya abiria ya gari litakalotumika. Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la kampuni, kamwe yasiende kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama ni mtoto wa jirani. Maandishi yaeleze pia kiasi kitakachorudishwa iwapo mmoja wenu ataugua.

Mambo mawili ya nyongeza. Nguo za bluu iliyoiva na nyeusi huwavuta mbung'o, hivyo sare ya kikundi iwe ya rangi nyingine. Na kwa kuwa njia inapita jirani na Kalenga, mwombeni dereva awapitishe kwenye makumbusho linakohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ni aibu Mhehe kumpita babu yake akikimbilia kumwona twiga.

SWALI: Mhariri, tunakwenda Tukuyu na Matema, na mama yetu mwenye miaka sabini na magoti mabovu anataka kuja. Ndugu zangu wanasema atatuchelewesha. (Msomaji, Uyole)

JIBU: Mchukueni. Ngosi hapawezi, basi siku hiyo abaki Tukuyu na mmoja wenu. Kwingine kote gari litamfikisha karibu. Apewe kiti cha mbele, na dereva asimame kila baada ya saa mbili, kwa kuwa kuchimba dawa vichakani, ambako vijana hukuchukulia mzaha, kwa mtu wa magoti ni adhabu. Chagueni vituo vya mafuta vyenye vyoo. Kutoka Uyole hadi ziwani, lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, mtashuka zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, kwa hiyo sweta la asubuhi litavuliwa kabla ya Kyela. Huko malaria ni nyingi kuliko kwenu: bebeni vyandarua, na kwa umri wake mpelekeni kwanza kwa daktari aulizwe kuhusu kinga na dawa anazotumia sasa.