Koikoi anaruka kabla sijampiga picha

SWALI: Napiga picha za koikoi mtoni nikiwa kwenye kayaki, kwa lenzi ya mm 400. Kasi ya shata naiweka 1/320 ya sekunde na kidhibiti mtikisiko nimekiwasha, lakini picha nyingi hazina ukali. Nikisogea karibu, ndege anaruka. Je, ninunue lenzi ndefu zaidi?

JIBU: Usinunue, ndugu msomaji, hiyo inatosha. Kidhibiti mtikisiko hutuliza mikono yako tu. Kayaki ikizunguka au ndege akitikisa kichwa, hakisaidii. Panda hadi 1/1000 kwa koikoi aliyesimama, na 1/2000 au zaidi ukitaka kumnasa anapodaka samaki. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande. Chenga, vile vidoadoa vya ISO kubwa, husafishika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haitengenezeki. Fokasi iwe nukta moja, kwenye jicho, maana matete huidanganya kamera. Kwa yangeyange mweupe punguza mwanga kidogo, la sivyo manyoya yote yataungua, yaani yatatoka meupe matupu pichani.

Hilo la kuruka ndilo zito zaidi. Wengi humwendea ndege moja kwa moja huku makasia yakipanda na kushuka, naye huona anavamiwa. Pita mshazari, kama mtu aliye safarini, kasia likae chini karibu na maji wala lisigonge ubavu wa kayaki. Ungali mbali, acha kupiga kasia, elekeza omo, ncha ya mbele ya kayaki, pembeni mwake, mkondo ukuchukue. Wakati huo kamera iwe tayari imewashwa, imefungwa kamba, na jua liko mgongoni mwako. Viwiko vibane mbavuni. Mkondo ukiwa na nguvu, jibanze nyuma ya jiwe au kona ya ukingo, pale maji yanapotulia.

Kisha soma shingo. Anayewinda huikunja au huinamia mbele, macho yakiwa majini. Ikinyooka wima ghafla na manyoya yakalala mwilini, amekwisha kukushuku: usiongeze hata kasia moja. Subiri. Akirudia kuwinda, amekuzoea kiasi cha kukuvumilia hapo ulipo, na picha nzuri hupatikana hapo, kwa sababu ndani ya kayaki kamera yako iko karibu sawa na usawa wa maji. Akichuchumaa na kufungua mabawa kidogo, anaondoka.

Ukiwa unashuka na mto, ndege uliyemrusha mara nyingi hutua mbele yako, ukamrusha tena, na tena. Kila mara anapoteza nguvu na samaki aliokuwa akiwavizia. Usimfukuzie picha. Hamia ng'ambo, mpite bila kusimama.

Kwenye miti yenye viota usitie nanga kabisa. Wazazi wakiruka kwa hofu, mayai na makinda hubaki juani, na kunguru hawachelewi kufika. Hapo kamera irudi kwenye mfuko usiopitisha maji, upige kasia uende zako.