Umenunua SUV Iliyotumika? Oili Kwanza, Rimu Baadaye

Mtu anayetoa gari bandarini Dar es Salaam huwa ameshalipia gari lenyewe, meli, ushuru, wakala na bima, na kwa hiyo anapofika nalo nyumbani mfuko umekaza lakini hamu ya kulitembelea ni kubwa. Fedha kidogo inayobaki, wengi huipeleka kwenye rimu, tinti na redio. Mimi natumia Nissan X-Trail, toleo la T31, niliyoinunua ikiwa imetumika, na maoni yangu ni kwamba fedha hiyo iende kwanza kwenye oili na vimiminika vyote vya gari, kila kimoja kikinunuliwa kwa aina iliyotajwa na kiwanda, hata kama fundi anakwambia, "Bosi, oili ni oili tu."

Kabla hujamwita huyo fundi, fungua boneti na milango utafute vibandiko vya Kijapani ambavyo gereji za huko hubandika baada ya kubadilisha oili. Tarehe zake mara nyingi hufuata enzi za wafalme wao: ukiona herufi H, ongeza 1988 kwenye namba inayoifuata, na ukiona R, ongeza 2018, kwa hiyo H29 ni mwaka 2017. Pembeni huandikwa kilomita, nazo ukizilinganisha na za kwenye dashibodi unaweza kugundua kama kuna mtu aliyezirudisha nyuma. Pasipokuwa na kibandiko chochote, chukulia kwamba hakuna kilichobadilishwa.

Oili ya injini ndiyo rahisi kuliko zote. Kwenye maandishi kama 5W-30, namba ya kwanza inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa ya baridi na ya pili inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, na kwa kuwa sisi wa Dar hatuna baridi ya kutajwa, namba ya pili ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Injini za kisasa zina mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali unaoendeshwa kwa presha ya oili kupitia njia nyembamba, ndiyo maana 20W-50, oili nzito iliyozoeleka kwenye magari ya zamani, haifai kumwagwa humo kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta, kwa sababu gari linalotoka Kimara hadi Posta asubuhi linanguruma kwenye foleni muda mrefu bila kuhesabu kilomita, na oili inachoka vilevile. Nunua kwa wakala anayeeleweka, kagua lakiri ya kifuniko, na galoni ukishaimaliza itoboe mwenyewe kabla ya kuiacha gereji, maana galoni nzima yenye nembo halisi hujazwa upya na watu wasio waaminifu.

Penye hasara kubwa ni gia boksi. X-Trail yangu ina gia boksi ya CVT, ambayo ndani yake mkanda wa chuma hubanwa kati ya puli mbili. Oili yake hulainisha na wakati huohuo huhakikisha chuma kinashika chuma bila kuteleza. Ukiweka ATF ya kawaida, yaani oili ya gia za otomatiki zisizo za CVT, mkanda utateleza, puli zitakwaruzika, na utaanza kutafuta gia boksi nyingine Ilala. T31 inataka oili ya NS-2 na T32, toleo lililoifuata, inataka NS-3, wakati Toyota nyingi za zamani zenye gia za kawaida za otomatiki, kama Harrier ya ACU30, hutumia Type T-IV, na zilizofuata hutumia WS. Rangi isikudanganye, kwa kuwa nyingi ni nyekundu na bado hazilingani.

Siku ya kumwaga, mwambie fundi aikinge kwenye galoni iliyokatwa, na wewe usimame hapo. Yangu ilitoka nyeusi kama chai ya rangi iliyolala, na zile sumaku ndogo zilizo kwenye sinia la chini zilikuwa zimevaa unga laini wa chuma, jambo ambalo ni la kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ndivyo vya kutisha. Kinachotoka kwa kumwaga ni sehemu tu ya oili iliyomo, kwa sababu nyingine hubaki kwenye konveta, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, kwa hiyo inapendeza kurudia zoezi baada ya kilomita elfu chache kuliko kuisukuma yote kwa mashine. Kipimo kifanyike gari likiwa sehemu tambarare, oili ikiwa na joto, injini ikinguruma, na baada ya kupitisha mkono wa gia kwenye nafasi zote. Fundi anayepima gari likiwa limezimwa, mshukuru na uondoke.

Upande wa rejeta kuna tabia moja inayoniudhi: kung'oa thamostati. "Kaka, Dar joto, hii ya nini?" Thamostati hufungua njia ya maji pale injini inapofikia joto lake la kazi, na ikiondolewa, injini huchelewa kupata moto, ikala mafuta zaidi na kuchafua oili. Gari linalochemsha lina ugonjwa mwingine, iwe rejeta iliyoziba, feni, mfuniko uliochoka au pampu ya maji. Tena maji ya bomba, na zaidi yale ya visima vyetu vyenye chumvi, hula aluminiamu na kuacha ukoko ndani ya rejeta. Weka kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, iliyoandikwa kwa ajili ya gari lako. Ikiwa ni ile ya kuchanganya, tumia maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, ukihakikisha hukupewa tindikali.

Mafuta ya breki hunyonya unyevunyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevunyevu wa kutosha. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi na ikishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140, ambapo kwenye mteremko wa Kitonga kanyagio huweza kuzama bila breki kushika. Badilisha kila miaka miwili.

Difu ya nyuma, ile boksi ya gia iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma, husahaulika kwa kuwa haina kijiti cha kupimia. Hapo fundi afungue kwanza nati ya kujazia na ndipo afungue ya kumwagia. Ikiwa ya juu imeshika kutu na haifunguki, gari litabaki halina oili na haliwezi kuondoka.

Mkanda wa taimingi, unaooanisha vali na pistoni, unategemea injini. X-Trail yangu ina cheni, lakini Forester za zamani za EJ20 na Harrier za V6 aina ya 1MZ zina mkanda, na usipoona kibandiko cha kuonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe pamoja na pampu ya maji inayozungushwa nao.

Kwenye tairi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Na ukikuta mbili mpya mbele na mbili zenye kipara nyuma kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne muda wote, kama Forester, usiliache hivyo, kwa sababu tofauti ya mzunguko huichosha klachi inayogawa nguvu ndani ya gia boksi.