Cheti cha "University of East Africa" ni cha kweli

Umeuliza kama cheti cha babu yako cha 1967, hicho cha kwenye fremu kilichoandikwa University of East Africa, ni feki. Si feki kabisa. Ni halali, University of East Africa ilikuwepo toka 1963 mpaka 1970, chuo kimoja chenye matawi matatu, Makerere, Nairobi na Dar, na Mwalimu Nyerere ndo alikuwa Chansela wake, halafu 1970 kikavunjwa kila nchi ikachukua chuo chake. Waliosomea digrii Makerere kabla ya 1963, kuanzia 1949 hivi, digrii zao ni za London, kwa hiyo ukikuta kingine kimeandikwa University of London usishtuke.

Nimelijua hili kwa sababu mjomba wangu wa hapa Lamu alisoma Makerere enzi hizo na makaratasi yake nimeyapanga mwenyewe. Ukitaka kufuatilia anza Makerere maktaba kuu, wana sehemu ya Africana, yaani vitabu na nyaraka za Afrika, na Dar pale chuo kikuu kuna East Africana, ya Afrika Mashariki, mambo ya zamani mengi yako huko. Ya London yako Senate House Library, maktaba ya University of London. Lakini faili la mwanafunzi mmoja mmoja hilo ni la ofisi ya msajili, sio maktaba, watu wengi hupotelea hapo.

Na tafadhali hicho cheti kipige skani leo leo na ukitoe kwenye hiyo fremu iloegemea ukuta, chumvi ya pwani yetu haina huruma na karatasi, ya mjomba nusu ishaliwa na unyevu na bado inaniuma.