Muhuhu usiotoa mbegu

Ndugu, umesema mti wa muhuhu unaoufuatilia katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, umechanua misimu miwili bila mbegu, ukadhani ni mgonjwa. Huenda ni dume tu. Muhuhu una miti dume na miti jike, na dume hazai kamwe. Mimi nilipoteza msimu mzima chini ya dume mmoja!

Fuatilia angalau miti kumi, kila mmoja na namba yake daftarini. Piga picha ya jani upande wa chini, ule mweupe wenye manyoya, na maua kwa karibu. Ukibaki na shaka, wapelekee wataalamu wa mimea Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Sampuli usikate bila kibali. Na usiingie peke yako, tafadhali: mle mna tembo.