Jibu: Nakala ya mipangilio ya Ceph kwenda seva ya mbali

Shehe, umeuliza kama inatosha kunakili /etc/ceph, folda ya mipangilio ya Ceph (programu inayounganisha diski za mashine kadhaa kuwa hifadhi moja), kila usiku kutoka mashine zako tatu za Malindi hadi seva iliyoko Lamu. Haitoshi. Tangu toleo la Mimic la 2018, mipangilio mingi inaweza kukaa ndani ya hifadhidata ya monita (programu ya Ceph inayosimamia hali ya mashine zote) badala ya faili la ceph.conf. Ukichukua folda peke yake umebeba kifuu, nazi umeiacha nyumbani.

Kwa hiyo itoe kwanza kwa amri: ceph config dump, halafu ceph auth export (funguo za kuingilia), na ramani ya CRUSH, inayoamua data ikae diski zipi, kwa ceph osd getcrushmap. Changanya matokeo na hiyo /etc/ceph, funga yote faili moja kwa tar, kisha yasimbe kwa gpg, yasisomeke bila ufunguo, kabla hayajatoka mlangoni. Hapa usifanye mzaha, maana mafaili ya keyring ndiyo funguo zenyewe za kuingilia Ceph. Na ufunguo wa siri wa gpg usiuache kwenye mashine hizohizo! Mimi niliuacha, diski ikafa, nikabaki na nakala nzuri nisizoweza kuzifungua.

Kusafirisha ni rsync (amri ya kunakili mafaili) juu ya ssh (njia salama kati ya mashine), basi. Kifurushi ni kidogo, hata bando haitasikia. Kila faili lipe tarehe kwenye jina, la sivyo nakala mbovu ya leo itaifuta nzima ya jana. Ukitaka saa nane usiku, kwenye cron, inayoendesha amri kwa ratiba, andika 2. Ile haijui saa zetu.

Data yenyewe haimo humo, hiyo ina mpango wake.