Soda kwenye tamthilia nayo ni tangazo?

Dada, umeuliza kama ile soda inayowekwa mezani kwenye tamthilia, nembo ikitazama kamera, nayo ni tangazo. Kama kampuni imelipia, ndiyo. Na mimi naliona kali kuliko yale ya katikati ya kipindi, maana huwezi kulikwepa kwa kubadili chaneli. Liko mkononi mwa mhusika unayempenda.

Tangazo la kawaida tunalijua tangu zamani. Tarehe 1 Julai 1941, kwenye televisheni huko New York, saa ya kampuni ya Bulova ilionyeshwa juu ya ramani ya Marekani kwa sekunde chache tu, basi. Baadaye kampuni za sabuni kama Procter & Gamble zikadhamini tamthilia nzima.

Uingereza walikuwa wagumu zaidi. Kituo cha televisheni cha ITV kilianza kurusha matangazo mwaka 1955, lakini kuingiza bidhaa ndani ya kipindi kwa malipo kuliruhusiwa Februari 2011 tu. Hata hivyo, lazima herufi P, ya kuwajulisha watazamaji kuwa kuna bidhaa iliyolipiwa, ionekane kwenye kona ya skrini mwanzoni, mwishoni, na kila kipindi kinaporejea baada ya matangazo. Sigara na pombe haziruhusiwi kabisa. Natamani na sisi tungekuwa na alama kama hiyo, hasa kwenye vipindi wanavyotazama watoto.