Kuizunguka Ras Kigomasha kwa miguu: anza na tarehe ya mwezi

Mkuu, nimekusoma. Wewe na shemeji mnakuja Pemba Agosti, mnataka nusu siku ya kutembea kuizunguka Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, bila kurudia njia mliyoendea, na isiwe safari ya kujitesa. Umesema mmezoea vilima vya Lushoto lakini bahari hamna mazoea nayo. Mimi kwetu ni Wete, na mgeni wa nyumbani anayependa kutembea lazima nimfikishe huko, basi nakujibu kwa namna ninavyopanga mwenyewe.

Waliokwambia uangalie mvua wamekupa tahadhari ya mwezi mwingine. Agosti masika yameshapita, kusi inavuma na kuna ubaridi wa kupendeza. Cha kuangalia kabla hujakata tiketi ya boti ni mwezi wa angani, maana nusu ya njia yenu ni ufukwe, na ufukwe huo unakuwepo au haupo kufuatana na maji.

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, na bamvua lenyewe hukolea siku moja mbili baadaye. Mgeni akisikia bamvua huogopa, akidhani ni siku za kukaa mbali na bahari. Kwa safari hii ndizo siku zenyewe! Maji ya bamvua hujaa sana lakini pia hupwa sana, tofauti ya juu na chini ikikaribia mita nne, na kwetu siku hizo hupwa kabisa saa nne au saa tano za asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi alasiri. Yaani asubuhi nzima mna mchanga mpana na mgumu wa kukanyagia, na maji yakirudi ninyi mmeshamaliza sehemu ngumu. Tarehe 1 hadi 3 za mwezi ni nzuri, 15 hadi 17 vile vile. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo tarehe 3 mnaweza kulala kidogo zaidi kuliko tarehe 1.

Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, tarehe 7 hadi 9 au 22 hadi 24, mambo hugeuka. Saa nne asubuhi maji ndiyo yamejaa. Hayajai kwa kishindo, lakini mnabaki mkitembea kwenye mchanga mlaini wa juu unaozamisha kisigino, na pale kwenye ncha ya rasi mtalazimika kupita ndani, vichakani. Inawezekana, ila kwa shemeji nisingeichagua.

Sasa upande wa kuanzia. Agosti upepo unatoka kusi, kwa hiyo pandeni na ufukwe wa mashariki, Vumawimbi, mkielekea kaskazini. Upepo unawasukuma mgongoni, jua la asubuhi liko kuliani na bado halijawa kali. Mngekuja Januari, kaskazi ikivuma, ningewaambia mgeuze: mpande na magharibi, mshuke na mashariki.

Mkitoka Chake Chake au Wete, daladala zinawafikisha Konde. Hapo nunueni maji, kila mtu lita mbili asipunguze, na chapati za njiani. Halua ya Pemba mkiwa nayo bebeni kipande, ni nguvu ya haraka. Kutoka Konde chukueni bodaboda mbili mpaka baada ya msitu wa Ngezi. Getini pana ofisi ya misitu, simameni, ulizeni malipo na mlipe. Msitu wenyewe una njia zake za kutembea na muongozaji, na una popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani penginepo duniani, lakini huo ni mpango wa siku nyingine. Ukichanganya vyote viwili, kimoja utakifanya kwa pupa.

Mkishatoka msituni barabara inafunguka, mnapita mashamba, na kuna tawi la kulia la kwenda Vumawimbi. Shukeni hapo, bodaboda ziondoke. Iwe saa mbili asubuhi au kabla. Pale kwenye matawi ndipo mtakapofungia mzunguko, piga picha ya mahali penyewe kwenye simu na uhifadhi ramani kabla ya kuondoka Konde.

Vumawimbi haina maelezo marefu: mchanga mweupe, mivinje na minazi, wavuvi wakitengeneza nyavu. Salimieni. Maji yakiwa yamepwa mtakuta kina mama wakichokoa pweza, na hapo inafaa kusimama. Mama anatembea ameinama, mchokoo mkononi, anapita mashimo kumi bila kuyajali kisha anasimama kwenye moja ambalo wewe huoni tofauti yake. Tofauti ipo: mlangoni pana vipande vya kombe na kokoto zilizopangwa, pweza mwenyewe ndiye aliyezikusanya. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Na msivutike kwenda mbali nao mpaka kwenye kingo za mwamba wa nje. Maji yakianza kujaa huingia kwanza kwenye mikondo iliyo kati yako na nchi kavu. Wao wanaijua mikondo hiyo, ninyi hamuijui.

Kuizunguka ncha ndiyo sehemu ya kuwa makini. Mchanga unakatika na mwamba wa matumbawe unaanza, umeliwa na maji kwa chini ukabaki umetokeza kama ukingo wa kofia. Jifunzeni kuusoma. Sehemu ya chini ni nyeusi na ina utelezi, juu yake ni kijivu na kavu. Mpaka wa rangi hizo mbili ndipo maji yanapofika. Ukiona mpaka uko juu ya kichwa chako, jua unapita mahali ambapo saa kumi alasiri patakuwa bahari. Piteni wakati maji yamepwa, msikae kula hapo, na mkiona mawimbi yanagonga ukuta rudini kwenye mchanga mtafute kijia cha juu kupitia mashambani. Mtoto yeyote wa Makangale, kijiji cha huko, atawaonyesha. Viatu viwe vya kufunika vidole. Mwamba huo unakata, na kandambili huchomoka mguuni. Yeboyebo ngumu zinatosha.

Mnara wa taa uko hapo kaskazini, wa chuma, wa zamani tangu enzi za Waingereza. Mkimkuta mlinzi, muombeni kupanda, na mumpe chochote. Ngazi ni nyembamba za kuzunguka na ndani kuna joto la bati, mwenye hofu ya kuwa juu asilazimishwe. Aliyepanda anaona rasi yote: kulia mlikotoka, kushoto mkondo wa Pemba, wenye rangi ya samawati iliyokolea kwa sababu kina huanguka ghafla kule.

Magharibi ni rahisi. Kuna hoteli upande huo. Ufukweni piteni bila wasiwasi, lakini msikatize bustani yao bila kumwambia mlinzi. Mkifika Verani, ufukwe wa upande huu, kwenye vivuli, ndipo mahali pa kula na kupumzika wakati jua la saa saba limesimama. Shemeji akitaka kuoga, aogelee kwa mavazi yenye stara, na wewe pia usitembee kifua wazi mkipita kijijini. Ikiwa safari yenu imeangukia Ijumaa, msitegemee kupata bodaboda wala duka wakati wa sala.

Kutoka Verani mnaifuata barabara ya vumbi kurudi matawini. Kwa mwendo wa kupumzika-pumzika ni saa tano au sita kwa jumla. Kilima cha kukutisha wewe mtu wa Lushoto hakipo, ugumu wa huku ni mchanga na jua.

Bodaboda wa kuwarudisha Konde kubalianeni nao asubuhi ile ile, chukueni namba zao na muwalipe nusu tu. Saa nane na nusu wawe matawini, maana daladala za Konde kwenda Wete na Chake hupungua jioni, na ukiachwa hapo utakodi gari kwa bei ya dereva.